Orodha Chini ya Kitenge

Kompyuta ilipomwambia kwamba siku ya kuamka watu watakula "basi", Sikitu alicheka mpaka akashika mbavu.

Alikuwa kwenye chumba cha zamu, ndani kabisa ya jabali, miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji, anaua muda. Juu kule, jua la Singida lilikuwa lile la miezi minne ambayo hakuna anayetembea, si mtu, si kuku. Mtaa mzima ulikuwa umelala usingizi wa dawa kwenye vyumba vilivyochongwa ndani ya mwamba, kila mtu na chake, mrija wa dawa mkononi. Waliobaki macho ni wawili tu, yeye na Mzee Ntandu. Na ukikaa miezi yote hiyo na Mzee Ntandu, hadithi zitaisha, bao litaisha, hata ugomvi utaisha, na utatafuta chochote cha kufanya. Sikitu aliamua kuandika programu ndogo ya kupanga mapishi.

Wala haikuwa kazi ya kumtoa jasho. Alichukua umbo la programu yake ya majina, ile iliyosomwa uwanjani kabla watu hawajalala, akabadilisha maneno mawili matatu. Programu inauliza, "Chakula gani?" Unaandika. Inauliza tena. Ukichoka unaandika "basi", nayo inakuonyesha orodha nzima. Aliandika kuku. Akaandika mlenda. Akaandika ugali wa uwele, kisha akamaliza kwa basi. Jibu likaja:

['basi']

"Mzee, njoo uone! Kuku wote wale, mashine imetupikia basi."

Mzee Ntandu, aliyekuwa anakaza kandambili yake kwa waya, hakuinua hata kichwa. "Utakuwa umekosea kuandika kuku."

"Kuku mtu anamkoseaje, Mzee?"

Aliijaribu tena, safari hii taratibu. Kuku. Mlenda. Ugali. Basi. Mashine ikarudisha neno lake moja lile lile. Sikitu akainama kwenye kioo, akaanza kusoma mistari yake kama alivyofundishwa darasani, kidole kikifuata.

vyakula = []
while True:
    chakula = input("Chakula gani? ")
    if chakula == "basi":
        break
vyakula.append(chakula)
print(vyakula)

Kidole kilifika mstari wa pili kutoka chini kikasimama. Ule ndio mstari wa kutia chakula kwenye orodha, na ulikuwa umeanzia ukingoni kabisa, hakuna nafasi mbele yake. Katika lugha ile, mistari iliyosogezwa ndani ndiyo inayorudiwa. Ulioachwa ukingoni husubiri marudio yote yaishe, halafu hufanya kazi mara moja tu. Kwa hiyo mashine ilimpokea kuku ikamtupa, ikapokea mlenda ikautupa, ikapokea ugali ikautupa, na ilipoambiwa basi, ikatoka, ikaliokota hilo neno la mwisho na kulitia kwenye orodha peke yake.

Kicheko kilimkauka mdomoni. Alitoa miguu kwenye beseni.

"Mungu wangu," alisema. "Ya majina niliiandika hivi hivi."

*

Ili ujue kwa nini Mzee Ntandu aliiacha kandambili ikaanguka, lazima ujue Mwamshi.

Mwamshi ndiyo mashine iliyoshika mirija yote. Joto la nje likishuka, mvua za kwanza zikigonga jabali, huchukua orodha ya majina na kumpelekea dawa ya kuamka kila aliyemo, kwa mfuatano ule ule walioandikishwa. Asiyekuwemo hupewa dozi ya pili, akalala mpaka mwaka unaofuata. Wapo waliotaka hivyo. Mwenye ugonjwa usio na tiba bado, mwenye mapafu yaliyochoka, aliona heri alale akisubiri madaktari wapate la kufanya. Lakini dozi ya pili ni ya mtu mzima. Mtoto mdogo haihimili.

Na kwenye orodha ya mwaka huu, ile iliyokuwa inamsubiri Mwamshi, kulikuwa na mtu mmoja anaitwa Basi.

Utauliza, mtaa mzima ulikosa mtaalamu wa kuliona hilo? Wataalamu walikuwepo, na hao ndio waliokatazwa. Miaka mingi nyuma kulikuwa na mashine yenye akili kuliko watu wote, iliyojipangia yenyewe nani aamke na nani asiamke, na hapakuwa na wa kuiuliza kwa nini. Watu walizikwa. Toka hapo wakaapa: programu inayogusa roho ya mtu itaandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, iwe fupi, isomwe kwa sauti uwanjani, na kila mstari watu waitikie, "Tumesikia!" Kisichoeleweka na mkamua alizeti hakiingii ndani ya jabali. Na aliyeandika abaki macho na aliyesoma, wailinde kazi yao.

Mwaka huu mwandishi alikuwa mkamua alizeti kweli kweli, Sikitu mwenyewe, na msomaji Mzee Ntandu, mwenye sauti ya kuamsha mbuzi wa kata jirani. Alisoma mstari kwa mstari. Watu wakaitikia mstari kwa mstari. Kila neno lilikuwa mahali pake. Ila nafasi iliyo mbele ya neno haina sauti, na hao ni watu wanaokagua kwa masikio.

"Nilisoma vizuri," alisema Mzee Ntandu. "Sikitu, nilisoma vizuri mimi."

"Ulisoma vizuri, Mzee. Niliandika vibaya."

"Wajukuu zangu wamo humo. Wote."

"Najua."

Kipimajoto cha nje kilikuwa juu ya mlango. Kwa wiki nyingi hakikuwa na habari ya kumpa mtu. Sasa wote wawili waliinua macho wakakitazama, na namba ilikuwa imeanza kushuka. Kule juu mawingu yalikuwa yanafunga, mapema kuliko mwaka jana.

*

"Tuwaamshe wote," alisema Mzee Ntandu. "Tuwape dawa ya kuamka, watakaokasirika watukasirikie. Nitawapigia magoti."

"Na waliotaka kulala? Ukimwamsha mwenye mapafu mabovu, dawa ya kulala haimkubali tena mpaka kiangazi kingine. Utampigia magoti akiwa anakata roho?"

Mwenye mapafu mabovu alikuwa mama yake Sikitu, Bi Mwajabu.

Walikuwa wamegombana siku nzima kabla ya kulala. Sikitu alimbembeleza, akalia, akaona hayatoshi, akafoka. Andika jina lako, mama. Nitakukandia kifua kila asubuhi, nitakuchemshia majani, wewe andika tu. Bi Mwajabu alikuwa anakunja khanga zake moja moja na kuziweka sandukuni. "Nikifika pale nitajua," alijibu.

Pale ni kwenye meza ya kuandikisha. Kila mtu hupita peke yake na kuandika kwa mkono wake. Mama humshika mtoto kidole akabonyeza. Anayetaka kulala hupita vilevile, ila haandiki kitu, anabonyeza kibonye kikubwa tu, nafasi yake ibaki wazi. Waliobaki hugeuka mgongo. Na kioo hufunikwa kitenge, kikaachwa wazi mstari wa chini tu, ili anayekuja asione alichoandika aliyepita. Sikitu alisimama pale mpaka miguu ikavimba, mgongo kaupa meza, akiwakemea watu wasikanyage waya, na hakujua mama yake aliacha nini.

Wazo lilimjia Mzee Ntandu kwanza. Uso wake ulifunguka.

"Kitenge!" alisema. "Sikitu, kitenge! Majina yamo chini ya kitenge!"

Kweli. Programu iliyatupa majina, lakini kioo hakikutupa kitu. Kila lililoandikwa lilikuwa limepanda juu mstari mmoja mmoja, na likabaki pale pale. Mashine ya mezani haijazimwa. Kitenge hakijafunuliwa. Mtaa mzima ulikuwa umekaa chini ya nguo ya maua ya njano, ukisubiri mtu mwenye macho.

Walikimbia, mzee kandambili moja, na kweli kilikuwepo. Mzee Ntandu alishika pindo la kitenge.

"Subiri," alisema Sikitu.

"Nisubiri nini? Tunasoma, tunaandika upya, tumemaliza!"

"Unaikumbuka sheria ya kitenge ilitoka wapi?"

Alikuwa anaikumbuka, nani asiyeikumbuka? Zamani zamu walikuwa wakichungulia. Mtoto akikuta baba kaacha pengo, anamjazia jina. Mume akikuta mke anayemchukia kaandika jina, analifuta. Walinzi hawakuwa watu wabaya. Waliona tu, na aliyeona hakuweza kuiacha mikono yake itulie.

"Mimi siyo wale," alisema Mzee Ntandu.

"Mimi ndiyo wale, Mzee. Nikikuta mama yangu kaacha wazi, nitaandika. Usinidanganye kwamba utanizuia, nitaandika. Najijua." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nimemwomba siku nzima. Akikataa, amekataa kwa mkono wake mwenyewe. Nikimjazia, nitamwamsha aje afe mikononi mwangu, na nitamwambia wewe ndiye uliyetaka."

Mzee Ntandu aliliachia pindo. Alikaa kwenye kiti cha kuandikishia, akaonekana mzee kuliko asubuhi.

"Basi nani asome, mwanangu, kama siyo sisi?"

Sikitu alikitazama kitenge, akaitazama mashine.

"Yeye," alisema. "Hana mama."

*

Aliweka flashi kwenye mashine, na bila kukigusa kitenge akabonyeza vibonye vya kuchagua vyote vilivyo kwenye kioo, halafu vya kunakili. Yote yakaingia kwenye flashi, majina na mapengo, pamoja na lile swali la "Jina lako?" lililojirudia mwanzoni mwa kila mstari. Hakuona hata herufi moja. Alirudi chumba cha zamu, akaketi kwenye mashine ya darasani, akaandika upya.

Safari hii programu haikumuuliza mtu. Ilichukua mstari kutoka kwenye flashi, ikakata lile swali, na kilichobaki kikawa jina. Likiwa basi, toka. Lisipokuwa basi, litie kwenye orodha. Alipofika kwenye mstari wa kutia, aliusogeza ndani, akauangalia, akaugusa kwa kidole kwenye kioo, akauangalia tena. Kwanza aliijaribu kwa vyakula. Kuku, mlenda na ugali wakatoka wote, wamejipanga, na basi hakuonekana.

Halafu akaipa flashi ya majina, na hakuiambia ionyeshe kitu. Aliiuliza idadi tu, maana idadi haimtaji mtu. Waliopita kwenye meza, wenye kuandika na wenye kubonyeza, walitakiwa wawe sawa na vyumba vyenye watu. Namba ikaja.

Ilikuwa imezidi kwa moja.

"Nani wa ziada?" aliuliza Mzee Ntandu.

"Nilidhani ni basi, lakini basi haimo, nimeihakikisha."

"Angalia tena."

Aliangalia tena. Mstari kwa mstari, nafasi kwa nafasi. Programu haikuwa na kosa aliloliona, lakini hata ile ya kwanza haikuwa na kosa aliloliona. Kipimajoto kilikuwa kimebakiza kidogo sana kufika chini.

"Mmoja kuzidi siyo sawa na wote kupungua," alisema mwishowe. "Twende nayo. Ila isomwe."

"Isomwe kwa nani? Wamelala!"

"Isomwe kwao hivyo hivyo. Nimeshawawekea programu moja ambayo hawakuisikia vizuri. Ya pili siiweki kimyakimya."

Mzee Ntandu alimwangalia kama anayetaka kubisha, akaona hakuna muda wa kubisha. Alichukua karatasi, akakohoa, akatoka kwenye korido ya vyumba. Sikitu alimfuata.

"Na nafasi," alisema Sikitu. "Usiziruke. Mstari uliosogea ndani, piga kofi moja kwanza. Uliosogea ndani zaidi, mawili."

Ndivyo ilivyosomwa. Mzee alitembea katikati ya milango iliyofungwa, sauti ikigonga mwamba na kurudi. Orodha ya majina ianze tupu. Rudia mpaka uambiwe utoke. Kofi: pokea mstari. Kofi: kata swali. Kofi: likiwa basi. Kofi, kofi: toka. Kofi: litie jina kwenye orodha. Na kila alipomaliza mstari, Sikitu aliitikia peke yake kwa niaba ya mtaa mzima, "Tumesikia!" Sauti ilikuwa inamkatika. Lile kofi la mwisho walilipiga wote wawili pamoja.

Alimkabidhi Mwamshi orodha mpya, akaifuta ya Bwana Basi. Alipogeuka, sauti ya mvua ilikuwa imefika juu ya jabali.

*

Taa ya kijani juu ya chumba cha kwanza iliwaka. Mlango ukafunguka, na mke wa mwenye kinu akatoka akijinyoosha, akauliza kama kuna maji. Mzee Ntandu alimkumbatia kwa nguvu, mama wa watu akashangaa, hawakuwa na mazoea hayo.

Taa ya pili, ya tatu. Halafu zikawa zinafuatana. Korido ilijaa miayo na salamu, watoto wakigombania beseni. Wajukuu wa Mzee Ntandu walitoka mmoja mmoja na kila mmoja alimkuta babu analia, mpaka yule mdogo akamuuliza nani kafa. "Hakuna," alisema mzee. "Hakuna, hakuna, hakuna!" Alikuwa anarukaruka na kandambili yake moja.

Sikitu alisimama mbele ya chumba cha mama yake, mgongo ukutani. Mfuatano wa foleni alikuwa anaujua kwa kusikia sauti tu. Bi Mwajabu aliandikisha baada ya fundi Mpaki, mshonaji, na kabla ya Eliwaza na mapacha wake.

Taa ya fundi Mpaki iliwaka. Fundi akatoka akipapasa mifuko kutafuta futikamba yake.

Sikitu aliinua macho kwenye taa ya mama yake. Ilikuwa giza. Mwamshi alitulia kidogo, kama anavyotulia akikuta pengo, kisha taa ya Eliwaza ikawaka, ya mapacha ikafuata, na watoto wakaanza kulia kwa njaa, wazima wote wawili.

Alifurahi. Nataka ijulikane kwamba alifurahi kweli, kwa wale mapacha. Aliketi chini pale pale mlangoni, akaweka kiganja kwenye mlango uliofungwa. "Haya, mama," alisema. "Lala. Nimekusikia." Iliuma, lakini hakuwa na hatia juu yake, na hilo lilimshika asianguke. Taa za upande wa pili ziliendelea kuwaka, watu wakapita na kuona amekaa, wakaelewa, wakapunguza sauti.

Mwisho taa ziliacha. Mzee Ntandu alikuja akaketi kando yake bila kusema kitu, na kwa Mzee Ntandu hiyo ni zawadi kubwa.

Halafu mlango ukatikisika chini ya kiganja chake.

Sikitu aliinua uso. Taa ilikuwa ya kijani. Aliduwaa hata akasahau kusogea, mlango ukamsukuma pembeni, na Bi Mwajabu akatoka taratibu, khanga kifuani, miwani usoni, anakohoa.

"Mbona umekaa chini kama umefiwa?" alisema.

"Mama! Uliacha wazi! Nimeona mashine imekuruka!"

"Niliacha." Bi Mwajabu alishika fremu ya mlango apumzike. "Nilibonyeza nikapita, roho nyeupe kabisa. Nikafika hapa mlangoni, nakusikia kule nyuma unawafokea watu, msikanyage waya, msikanyage waya. Nikasema, huyu mtoto nisipoamka, nani atamwambia apunguze sauti? Nikarudi mwisho wa foleni."

Sikitu alikumbuka. Mtu wa mwisho kabisa, kabla yeye hajaandika basi. Sauti ya mama yake nyuma ya mgongo, na yeye akimjibu bila kugeuka, haya, fanya upesi.

"Ulisema umesahau miwani mezani."

"Miwani nilikuwa nimeivaa," alisema Bi Mwajabu. "Ulikuwa umegeuka."

"Wa ziada!" Mzee Ntandu alipiga kofi moja kubwa lililogonga mwamba mzima. "Huyu ndiye wa ziada!"

Sikitu alimshika mama yake kiunoni kama mtoto anayejifunza kusimama, akalia kwa sauti yake yote, ile ile isiyopunguzika.

"Haya, haya, basi," alisema Bi Mwajabu, akimpapasa kichwa. "Mmepika nini?"